Dawa ya Skani: Maswali ya Kabla na Nusu Saa ya Baada

Kabla ya mgonjwa kulala kwenye meza ya skani ya CT, mhudumu humpa karatasi ya maswali au humsomea maswali hayo moja baada ya jingine. Uliwahi kudungwa dawa ya skani? Ilikudhuru? Una pumu? Una ugonjwa wa figo, kisukari au tezi? Unatumia dawa gani? Kwa mwanamke, je, una mimba?

Wagonjwa wengi hujibu haraka haraka, hapana, hapana, hapana, ili foleni isonge. Wengine hunyamazia jambo wanalolijua kabisa kwa sababu wameamka saa kumi alfajiri, wamelipa nauli, wamengoja tarehe ya skani kwa majuma kadhaa, na wanaogopa kuambiwa warudi nyumbani. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, karatasi hiyo haikutengenezwa ili kumfukuza mtu. Majibu yake ndiyo yanayomwezesha mhudumu kuchagua dawa ifaayo, kipimo kifaacho, na kujua ni nani wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Huduma za picha zimesogea karibu na wananchi katika miaka ya hivi karibuni. Mwaka 2015, Serikali ya Kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali mbili katika kila kaunti, vikiwemo vifaa vya eksirei na altrasaundi, na baadaye skani za CT zikafuata katika hospitali nyingi. Kadiri watu wengi zaidi wanavyopigwa picha hizi, ndivyo inavyofaa kila mkazi ajue dawa inayotumika, madhara yake, na anachopaswa kusema kabla haijaingia mwilini.

Dawa yenyewe ni nini?

Picha ya eksirei huonyesha mfupa vizuri kwa sababu mfupa huzuia miale. Mishipa ya damu, ini, figo na utumbo huacha miale ipite karibu kwa kiasi kimoja, hivyo kwenye picha huonekana kama kivuli kimoja cha kijivu. Ili daktari atofautishe uvimbe na nyama ya kawaida, au aone mshipa ulioziba, mgonjwa hupewa dawa inayofanya sehemu hiyo ionekane wazi. Kitaalamu dawa hiyo huitwa kontrasti. Wagonjwa wengi huiita dai, rangi au dawa ya skani, ijapokuwa haimpaki mtu rangi yoyote.

Zipo za aina tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ina iodini, na hudungwa mshipani mgonjwa anapopigwa skani ya CT. Aina hiyo hiyo hutumika kuchunguza mirija ya uzazi kwa wanawake wanaochelewa kushika mimba, ila hapo huingizwa kupitia mlango wa kizazi. Ya pili ni bariamu, uji mweupe unaonywewa ili umio na tumbo vionekane. Hutumika mara nyingi kwa wagonjwa wenye shida ya kumeza chakula. Ya tatu ina gadolini, na hudungwa mshipani kwa skani ya MRI.

Si kila picha inayohitaji kontrasti. Mtu aliyeumia kichwa katika ajali ya bodaboda, au anayeshukiwa kupatwa na kiharusi, kwa kawaida hupigwa picha ya kwanza ya kichwa bila dawa hiyo. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza: skani yangu ni ya dawa au bila dawa?

Kwa nini dawa za leo ni nafuu kuliko za zamani

Safari ya dawa hizi ilianza kwa bahati. Mwaka 1923, madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walieleza kwamba wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakitibiwa kwa dawa yenye iodini walionekana vibofu vyao vya mkojo kwenye picha ya eksirei. Iodini ilikuwa imepita kwenye figo na kukusanyika kwenye mkojo, nayo ikazuia miale. Tangu hapo iodini imekuwa msingi wa kontrasti ya eksirei na CT.

Dawa za mwanzo zilikuwa nzito mno kuliko damu. Zilivuta maji kutoka kwenye chembe za mwili, zikaunguza mishipa, na kuwasumbua wagonjwa wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari wa Uswidi Torsten Almén alipendekeza zitengenezwe dawa zenye uzito unaokaribia ule wa damu. Kutokana na wazo hilo zilipatikana dawa kama ioheksoli, ambayo leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tofauti ilipimwa nchini Japani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 337,000. Kati ya waliopewa dawa za zamani, karibu 13 katika kila 100 walipata madhara ya namna fulani. Kati ya waliopewa dawa mpya, walikuwa karibu 3 katika kila 100. Madhara makali yalishuka kutoka 22 katika kila wagonjwa 10,000 hadi 4.

Uchache huo ni habari njema, lakini unaleta ugumu wake. Tuseme hospitali inadunga kontrasti wagonjwa kumi kwa juma. Kwa kiwango cha wanne katika 10,000, wahudumu wake wanaweza kukaa karibu miaka mitano kabla ya kukutana na mgonjwa mmoja aliyedhurika vibaya. Muuguzi anaweza kuhamishwa kituo kabla ya kuona hata mmoja. Siku tukio hilo linapofika, hakuna muda wa kutafuta funguo za kabati. Ndiyo maana maswali huulizwa kwa kila mgonjwa, kila siku, hata pale yanapoonekana kuwa ni mazoea tu, na ndiyo maana sanduku la dawa za dharura hukaguliwa hata kama halijafunguliwa kwa miezi.

Kila swali na sababu yake

Uliwahi kudhurika na dawa ya skani? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mtu ambaye mwili wake uliwahi kuikataa kontrasti ya iodini yuko katika hatari ya karibu mara tano zaidi akidungwa tena dawa ya aina hiyo. Anayeulizwa akumbuke vizuri. Je, alitokwa na vipele? Uso au midomo ilivimba? Kifua kilibana? Alizirai? Alilazwa? Kama bado ana karatasi iliyoandikwa jina la dawa ile, aje nayo.

Una pumu au aleji nyingine? Mwenye pumu, au mwenye aleji kali ya dawa au chakula, yuko katika hatari ya mara mbili hadi tatu zaidi ya mtu mwingine. Hatari hiyo bado ni ndogo na kwa kawaida haizuii skani. Lakini pumu isiyodhibitiwa, yaani inayombana mtu siku hiyo hiyo, ni sababu ya kusubiri iwapo hali ya mgonjwa inaruhusu. Anayetumia pampu ya kuvuta dawa aje nayo mkononi, asiiache nyumbani.

Je, samaki wanakudhuru? Dhana kwamba mtu asiyeweza kula kamba au kaa hawezi kudungwa dawa yenye iodini imeenea sana, hata miongoni mwa baadhi ya wahudumu. Haina msingi. Kinachowadhuru watu hao ni protini iliyo kwenye nyama ya kamba na kaa. Iodini yenyewe ni madini ambayo mwili unayahitaji, na chumvi ya mezani nchini Kenya huongezwa iodini kwa mujibu wa sheria. Anayekula sukuma wiki yenye chumvi hula iodini kila siku. Vivyo hivyo, mtu aliyewashwa na dawa ya iodini ya kupaka kidondani hazuiwi kwa sababu hiyo. Ataje aleji yake kama aleji nyingine yoyote, kisha mtaalamu ataamua.

Figo zako zikoje? Kontrasti ya iodini na ile ya gadolini hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikiwa dhaifu sana, dawa hukawia mwilini na inaweza kuzidisha udhaifu huo. Kwa hiyo mgonjwa mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kupasuliwa figo, au mwenye kisukari na presha ya muda mrefu huombwa kupimwa damu kwanza. Kipimo hicho huitwa kreatinini, na kutokana nacho hukadiriwa kasi ya figo kuchuja damu. Kasi ikiwa chini ya 30, daktari hupima upya faida na hatari. Wengi wanaofikiwa na tahadhari hii hawajui kwamba figo zao zina shida, kwa kuwa figo huumwa kimya kimya.

Mgonjwa ataje pia dawa za maumivu anazonunua dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na dawa za mitishamba. Baadhi yake huzichosha figo, hasa mtu anapozitumia kwa siku nyingi mfululizo. Hakuna atakayekemewa kwa kuzitaja.

Unatumia metformini? Hii ni dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi. Haigongani na kontrasti moja kwa moja. Shida hutokea iwapo figo zitadhoofika baada ya skani, kwa kuwa metformini nayo hutoka kupitia figo na ikirundikana hufanya damu iwe na asidi nyingi. Mtu mwenye figo nzuri huendelea nayo kama kawaida. Mwenye figo dhaifu sana huambiwa aiache kwa saa 48 baada ya kudungwa, apimwe tena, ndipo airudie. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani sukari iliyopanda nayo ni hatari.

Una ugonjwa wa tezi ya shingo? Kontrasti hubeba iodini nyingi kuliko inayopatikana kwenye chakula. Kwa mtu ambaye tezi yake tayari inafanya kazi kupita kiasi, iodini hiyo inaweza kuizidisha baada ya siku au majuma kadhaa.

Unatumia dawa gani za presha na moyo? Zipo dawa za presha, kama atenololi, propranololi na kavediloli, ambazo zinaweza kupunguza nguvu ya adrenalini, dawa inayomwokoa mtu aliyedhurika vibaya. Mgonjwa haambiwi aache kuzimeza. Wahudumu wanatakiwa tu kujua mapema ili wajiandae.

Una mimba au unanyonyesha? Kwa mwanamke mwenye mimba, daktari huangalia kwanza kama altrasaundi inatosha. Gadolini huepukwa isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Kontrasti ya iodini inaweza kutolewa ikiwa maisha ya mama yanaitegemea. Anayenyonyesha hahitaji kumwachisha mtoto wala kukamua na kumwaga maziwa. Dawa inayoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 1 ya aliyopewa mama, na katika hiyo, utumbo wa mtoto hufyonza chini ya asilimia 1.

Jibu la "ndiyo" halifuti skani

Chukua mfano wa mama wa miaka 60 aliyetumwa kupigwa skani ya tumbo kutokana na uvimbe. Miaka minne iliyopita, katika hospitali nyingine, alidungwa dawa ya skani na baada ya dakika tano akavimba macho na midomo. Alitibiwa, akapona, akarudi nyumbani bila karatasi yoyote. Leo anaogopa kwamba akilisema hilo, hatapigwa skani na uvimbe wake hautajulikana.

Akisema, zipo njia kadhaa. Daktari bingwa wa picha anaweza kuona kwamba skani bila dawa, altrasaundi au MRI itajibu swali lile lile. Ikiwa kontrasti ni lazima, anaweza kuchagua dawa nyingine ya jamii hiyo, tofauti na ile iliyomdhuru, na kubadilisha dawa ni mojawapo ya hatua zinazosaidia sana. Anaweza pia kuagiza vidonge vya kuzuia madhara, kama prednisoloni, vianze kumezwa saa 12 au 13 kabla ya skani. Vidonge hivyo hupunguza uwezekano wa madhara lakini haviufuti, kwa hiyo haviondoi haja ya kumwangalia mgonjwa kwa karibu. Na kama madhara ya awali yalikuwa makali sana, anaweza kupelekwa kwenye hospitali yenye timu ya wagonjwa mahututi.

Asiposema, hakuna lolote kati ya hayo litakalofanyika. Anaweza kudungwa dawa ile ile, kwa kiasi kile kile, na watu ambao hawakuonywa.

Ieleweke pia kwamba kumdunga mgonjwa tone dogo la majaribio ili kuona kama litamdhuru hakusaidii. Tone dogo linaweza kupita salama na kipimo kamili kikadhuru, au tone lenyewe likaleta madhara makali. Historia ya mgonjwa, kutoka kinywani mwake, bado ni kipimo bora zaidi.

Kilicho cha kawaida na kisicho cha kawaida

Dawa inapoingia, wengi husikia joto likisambaa mwilini kutoka kifuani hadi chini. Wengine husikia ladha ya chuma mdomoni, au kudhani wamejikojolea. Hayo hupita ndani ya dakika moja au mbili, na mgonjwa akiambiwa mapema hatishiki. Kichefuchefu kidogo pia huja na kupita.

Mkono ukianza kuuma na kuvimba pale palipochomwa sindano, mgonjwa aseme papo hapo. Huenda dawa inavuja nje ya mshipa. Mashine husimamishwa, mkono huinuliwa na kuwekwa kitu cha baridi, na huangaliwa kwa muda.

Dalili zinazohitaji mtu kupaza sauti bila kungoja ni hizi: mwasho au vipele vinavyoenea, kuvimba macho, midomo au ulimi, sauti kukwaruza, koo kubana, kifua kupiga mluzi, kizunguzungu na kuhisi kuzirai. Katika chumba cha skani kuna kipaza sauti, na mhudumu aliye nyuma ya kioo humsikia mgonjwa. Anayejisikia vibaya asijikaze kwa kuogopa kuharibu picha. Picha hurudiwa.

Timu hufanya nini mgonjwa akidhurika?

Hatua ya kwanza ni kusimamisha dawa na kuita msaada, huku kanula ikiachwa mshipani kwa kuwa itahitajika. Mmoja huangalia njia ya hewa na kupumua, mwingine hupima mapigo na presha, mwingine huleta oksijeni na sanduku la dharura.

Vipele vichache visivyoenea kwa kawaida huhitaji kuangaliwa tu, au dawa ya kupunguza mwasho. Kifua kikibana bila dalili nyingine, mgonjwa huvutishwa salbutamoli pamoja na oksijeni.

Presha ikianguka, au koo likaanza kuziba, au dalili zikashika sehemu kadhaa za mwili kwa pamoja, dawa ya kwanza ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni nusu miligramu, na hurudiwa baada ya dakika tano iwapo hakuna nafuu. Kwa mtoto hukadiriwa kulingana na uzito wake. Maji ya mshipani hutiririshwa kwa kasi. Mgonjwa hulazwa na miguu yake kuinuliwa, ila anayehangaika kupumua huachwa akae. Haruhusiwi kusimama ghafla, hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa presha inaweza kuanguka tena.

Kosa linalogharimu maisha ni kuchelewesha adrenalini huku sindano za mwasho na za steroidi zikijaribiwa kwanza. Dawa hizo zina nafasi yake, lakini hazifungui koo lililoziba wala hazipandishi presha iliyoanguka, na steroidi huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Si kila anayezirai amedhuriwa na dawa. Wapo wanaozirai kwa hofu au kwa kuona sindano. Hao mapigo yao huenda polepole, ilhali mwenye mshtuko wa aleji mapigo yake kwa kawaida hukimbia. Kuinua miguu na kumpa maji ya mshipani humsaidia wa kwanza. Ikiwa mapigo yanabaki chini, hupewa atropini. Kupima mapigo mapema humwonyesha mhudumu afuate njia ipi.

Nusu saa ya benchi

Madhara mengi makali hujitokeza ndani ya dakika 20 za kwanza. Kwa sababu hiyo mgonjwa huombwa akae hospitalini kwa dakika 30 baada ya kudungwa, huku kanula ikiwa bado mkononi. Hapo ndipo wengi hushawishika kuondoka. Picha imekwisha, mwili hauna shida, na matatu ya mwisho ya kurudi kijijini inajaza abiria.

Nusu saa hiyo ni sehemu ya skani. Mtu akivimba koo akiwa kwenye benchi la hospitali, adrenalini iko hatua chache kutoka alipo. Akivimba koo kwenye matatu njiani, hakuna sanduku, hakuna oksijeni, na abiria hawajui kinachomsibu. Anayetoka mbali amweleze mhudumu wa mapokezi anapofika, ili ikiwezekana awekwe mapema katika ratiba ya siku.

Baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa anywe maji ya kutosha siku hiyo, isipokuwa yule aliyewekewa kiwango cha maji na daktari wake kwa sababu ya moyo au figo. Vipele na mwasho vinaweza kutokea saa kadhaa baadaye, hata ndani ya juma moja. Mara nyingi si vya hatari, lakini vinafaa kuonwa katika kituo cha afya kilicho karibu. Ngozi ikianza kubabuka, homa ikapanda, au vidonda vikatokea mdomoni, aende hospitalini bila kukawia. Anayekojoa kidogo sana au kuvimba miguu katika siku zinazofuata naye arudi apimwe figo.

Yeyote aliyedhurika anastahili kupewa maandishi kabla ya kuondoka: jina la dawa aliyodungwa, kiasi chake, dalili alizopata, zilianza baada ya dakika ngapi, na alitibiwa vipi. Maneno "ana aleji ya dai" hayamsaidii daktari wa kesho, kwa sababu hayamwonyeshi ni dawa gani ya kuepuka. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na kitambulisho, na mtu mmoja wa familia aarifiwe ilipo.

Madhara hayo pia huripotiwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Wahudumu wa afya huwa na fomu ya manjano kwa kazi hiyo. Mgonjwa anaweza kuuliza kama ripoti imeandikwa. Dawa ya toleo moja ikiwadhuru watu katika kaunti tatu tofauti, ni ripoti hizo zinazoonyesha kwamba kuna shida.

Haki ya mgonjwa

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yanayopendekezwa, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kukubali. Mgonjwa asiyesoma Kiingereza ana haki ya kusomewa fomu kwa Kiswahili au kwa lugha anayoifahamu. Asitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ambayo hajaelezwa.

Maelezo kwa ufupi

Kabla ya siku ya skani:
• Uliza kama skani ni ya dawa au bila dawa, na kama unahitaji kipimo cha kreatinini. Kikiweza kufanywa katika hospitali ya karibu na nyumbani, utaokoa nauli ya safari ya pili.
• Uliza kama unatakiwa kufunga kula, na kwa saa ngapi. Usijizuie kunywa maji bila kuambiwa.
• Weka dawa zako zote katika mfuko mmoja uje nazo, hata za mitishamba, au andika majina yake.
• Beba fomu ya rufaa, picha za zamani na karatasi yoyote ya madhara ya awali.

Siku yenyewe:
• Jibu kila swali kwa ukweli. Usipokumbuka, sema hukumbuki.
• Mama ataje tarehe ya hedhi ya mwisho. Mzazi amjibie mtoto na kutaja uzito wake akiujua.
• Sema mara moja ukihisi mwasho, kubanwa au maumivu mkononi.
• Kaa dakika 30 baada ya dawa. Ondoka baada ya kutolewa kanula na kuruhusiwa.

Baadaye:
• Kunywa maji kama ulivyoelekezwa.
• Rudi kituoni ukiona vipele, uvimbe au mkojo kupungua.
• Hifadhi jina la dawa uliyodungwa. Skani ijayo, liwe jambo la kwanza kumwonyesha mhudumu.